Vioo vya Kitalu

Stamen alifika na punda na sanduku la miguu mitatu
jua lilipokwisha kupanda juu ya milima ya Rodopi,
nasi tulikuwa tumechuma tangu nyota.
Tumbaku huchumwa gizani. Ukichelewa,
jani hulegea mkononi na utomvu hukung'ang'ania kama lami,
hata mkate unaoushika unakuwa mchungu.

"Nawa mikono," alimwambia mama. "Kioo hakisahau."

Mama akaitazama, myeusi hadi viwikoni,
sindano bapa bado i kati ya vidole,
uzi umejaa majani nusu.
"Kama hakisahau," akasema, "basi sinawi."

Mimi nilikuwa na miaka saba. Niliambiwa nisitikisike.
Nzi akaja.
Ndiyo maana sina uso pale, nina moshi.

Picha ya karatasi hatukuiona kamwe.
Ilitaka leva ishirini,
na leva ishirini zilikuwa viatu.

Baridi mbili zikapita, bei ya jani ikaanguka,
Stamen akaanguka nayo.
Akauza kamera, akauza punda,
na vioo vyake, mia tatu na ushei,
akamwachia Agush mwenye vitalu kwa bei ya kioo tu,
kama vitabu viuzwavyo kwa uzito
vikafungie mbegu za alizeti.

Agush alivichemsha kwa magadi:
maharusi, maiti, karani wa forodha na masharubu yake,
wote wakatoka na povu.
Vichache vya mwisho alichoka.

Aprili tulikwenda kumpalilia miche kwa kibarua.
Mama akainua fremu ya tatu, mbingu nyuma yake,
akakawia kuishusha.
"Nefize, njoo. Tumo humu."

Kila kitu kilikuwa kimegeuka.
Ukuta wetu wa chokaa, mweusi tii.
Kitambaa chake cheupe, makaa.
Na mikono ile, aliyokataa kuinawa,
ndiyo pekee iliyokuwa angavu, kioo kitupu,
jua likipita humo kama mlangoni.
Chini yake, pale vidole vilipokuwa vimelala,
miche ilikuwa imewatangulia wenzake kwa jani moja,
au labda nilitaka iwe hivyo.

Agush akapaza sauti kutoka kisimani: mnatazama nini?
"Magugu," mama akajibu.
Akairudisha fremu,
akafuta umande kwa ncha ya aproni, upande wa nje tu,
polepole,
asije akatufuta.