Ukurasa wa Thelathini na Moja

Madaftari matatu yalikuwa chini ya kitanda,
la nne, lile nililoliogopa, ndani ya mfuko wa sukari.
Nsimire, mke wa kaka, alifagia.
Mfagiaji hana hatia: karatasi ni karatasi,
na pale Kadutu kilo moja ya karatasi ina bei.

Nilijua Jumatano asubuhi,
kwa andazi.
Mama Cibalonza alinikabidhi likiwa moto,
na chini ya kidole gumba changu, mwandiko wangu:
*mvua ya huku haiulizi mwenye nyumba ni na—*
Hapo mafuta yalikuwa yamekula.

Sikulia. Sisemi hivi kwa kujisifu.
Nilikuwa na njaa,
na mtu halii mdomo umejaa.

Wajuao husema mwandishi ahitaji moyo wa chuma.
Wangu ni wa bugali: ukiubonyeza, kidole kinabaki.
Mwaka juzi ilikuja barua kutoka Nairobi, mistari miwili:
"Kiswahili chako kina Ukongo mwingi mno."
Nilikaa nayo mfukoni majuma matatu, ikafuliwa na suruali.
Nilipomsomea mama, alikuwa akichambua sombe.
Hakuinua macho. "Walitaka kiwe na nini basi?"
Sijapata jibu. Swali hilo limenilisha
kuliko mshahara wa ualimu,
ambao huja kama mgeni asiyejua njia.

Basi nikaanza kununua.
Kila alfajiri, kabla ya darasa, nashuka ngazi za udongo,
mvua ya usiku imezila mbili au tatu,
nasimama foleni na wapagazi wa soko.
"Langu lifunge na ile pale. Hapana, ile ya chini."
"Mwalimu, unachagua andazi au unachagua kitenge?"
Ndiyo sifa yangu ya kwanza, kama ninazo sifa:
kutoona haya. Nyingine mama huiita kichwa kigumu,
husema nimeirithi kwa baba, marehemu,
aliyejenga nyumba ile ile mara tatu
kwenye mteremko ule ule ulioporomoka,
kwa sababu kutoka pale aliona ziwa.

Nimekusanya kurasa hamsini na sita.
Nazianika kambani pamoja na soksi.
Mafuta yameuleta upande wa nyuma mbele,
maneno yamepandana, na mahali pengine,
Mungu anisamehe,
ni bora kuliko nilivyoandika.

Asubuhi moja Buhendwa, dereva wa pikipiki,
alikuwa amemaliza andazi, karatasi hajaitupa.
Alilamba kidole, akageuza, akageuza tena.
"Mama, ng'ambo alimkuta nani?"
"Mimi nauza maandazi."
"Huyu mwanamke. Amevuka Ruzizi, viatu mkononi,
halafu inaishia hapo!"
Akafukua ndoo ya karatasi kama anayetafuta ufunguo.
Abiria wake akapiga kelele.
Akaondoka shingo imegeuka nyuma.

Sikumwambia ni mimi.
Ukurasa wa thelathini na moja sikuupata,
labda ulifunga karanga za mtu wa Panzi,
na mimi mwenyewe sikumbuki ng'ambo alimkuta nani.

Nimeuandika upya mara nne.
Kwanza alimkuta mumewe: uongo.
Kisha askari: nani asingemtarajia?
Kisha hakumkuta mtu, na huo ulikuwa uvivu wangu.
Wa nne niliuchana mwenyewe, Nsimire nisimpe kazi.

Usiku huu umeme umekatika tangu saa mbili.
Mshumaa umekwisha. Naandika gizani,
kidole cha mkono wa kushoto juu ya mstari
ili wa kulia usimpande jirani.
Yuko ukingoni, maji yanamchuruzika magotini.
Mtu anateremka kumlaki, amebeba kitu kichwani.
Uso wake sijauona bado.

Buhendwa hupita saa kumi na mbili na nusu.