Tang

Kambini Karuma, Bwana Liang aliomba tang.
Nikampa sukari, kilo nzima.
Akacheka, akanywa hewa kwa kijiko:
kumbe supu.
Mimi, karani wa stoo, nikaandika daftarini
tang, na chini yake tang,
wino uleule.

Adyero wa jikoni hakuandika kitu.
Sauti ikinyooka, alipakua supu;
ikipanda, alifungua kopo la sukari.

"Umejifunza wapi?"
"Kwa mama. Kwetu Acholi, kal ya juu ni ulezi,
kal ya chini ni boma.
Ukikosea, utasaga boma la watu."

Usiku nilijaribu kitandani: paa, paa.
Mmoja mbugani, moja juu ya kichwa changu,
na sauti yangu haikusogea.