Mkono Hadi Kiwiko

Talaka yangu ilikuja kwa simu,
maneno tisa, moja limekosewa herufi.
Nilikuwa nakuna nazi. Nikaendelea kukuna
mpaka mbuzi ikafika kwenye kifuu,
na tui la siku ile likawa na rangi ya chai.

Nikarudi Langoni kwa mama na sanduku moja,
na ndani yake kofia ya mkono isiyokwisha:
vitundu mia tatu nimeshavizungushia uzi,
vilivyobaki sikuwa na moyo wa kuvihesabu.
Kipimo cha kichwa chake nilikijua kwa kiganja.

Kiangazi kilikuwa kimeukalia mji kama mgeni asiyeaga.
Majirani walileta pole zenye swali ndani,
kama kokwa ndani ya tende.
Wiki ya tatu mama akanitupia buibui:
"Toka nde, mwanangu. Hata mato yamefanya ukungu."

Nikatoka. Alfajiri, mawe hayajashika moto,
nikafuata ufuo hadi Shela,
nikazipita hoteli na majina yao,
nikapanda vilima vya mchanga
mahali ambapo hakuna ajuaye ulikuwa mke wa nani.

Siku za mwanzo sikupona chochote.
Nilimlaani mtu kwa majina yake matatu
na upepo ukanirudishia mchanga mdomoni.

Siku ya nne nikamtazama kaa mweupe akichimba.
Anatoka na fumba la mchanga kifuani, analitupa,
anaangaza kama kuna aliyemwona, anarudi chini.
Maji yakaja, yakafukia kazi yote.
Hakununa. Akaanza tundu jingine
hatua mbili juu zaidi.
Nikacheka, peke yangu, kwa sauti,
kisha nikageuka kutazama ni nani aliyecheka.

Bwanahadi, kijana wa kupima visima,
alinikuta pale akadhani nimepotea.
Kisa changu hakukiuliza. Alilalamika tu:
mshahara, betri ya kipimo,
matajiri wanaotaka kujenga hata juu ya mchanga.
"Na mji unakunywa hapa chini," akasema.
"Mvua ikinyesha, vilima vinaimeza.
Chumvi imetuzunguka pande zote,
na haya bado matamu."
Akaenda zake, ndala zikimpiga visigino.

Nikashuka bondeni, kati ya vilima viwili,
nikapiga magoti, nikachimba.
Juu, mchanga wa kuunguza.
Kisha vuguvugu.
Kisha ubaridi wa dafu lililolala mtungini.
Mkono ukazama hadi kiwiko
na vidole vikakuta unyevu.

Jua lile lote. Miezi ile bila tone.
Kumbe chini kumewekwa akiba.

Hapo ndipo nilipolia,
na wala sikumlilia mume.
Nilimlilia msichana wa miaka kumi na tisa
aliyefunga madaftari yake ya ualimu
kwa sababu mtu alisema harusi haingoji.

Sitasema nimepona.
Kuna usiku simu ikiwaka roho huruka.
Lakini fomu za chuo ziko chini ya mto,
zimejazwa hadi ukurasa wa pili,
na kofia nimeitoa sandukuni.
Safu ya juu nimeifumua, na mahali pake
nashona mapito ya kaa:
vitundu vya kwenda upande, visivyolingana.
Mama kasema hiyo si nakshi ya Lamu.
Nikamwambia, itakuwa.
Itamkaa nani, bado sijui.

Kila nikirudi, yeye hulikung'uta buibui langu kizingitini,
akinung'unika kwamba nitahamishia Shela nzima humu ndani.
Jana, akidhani sioni,
aliuzoa mchanga ule kwa kiganja,
akautia kwenye kopo la asumini,
akazamisha kidole taratibu,
akangoja.