Maboga Kumi na Mawili

Meneja aliyaleta kwa tuktuk, maboga kumi na mawili,
mengine kijani, mengine yana mabaka kama ngozi ya chura,
hata moja halikuwa na rangi ya ile picha simuni mwake.
"Yatafaa," akasema. "Giza halichagui rangi.
Ni ya Halowini." Fondo alidhani ni jina la mgeni,
akauliza atalala chumba gani.

Miaka tisa jikoni humu nakata boga
kwa vipande vya kulingana, tui zito juu, hiliki kidogo.
Leo napewa kisu chembamba, naambiwa: Dama, toa macho.
Macho ya boga!
La kwanza likatoka na makengeza.
La tatu likafanana na yule karani wa maji
anayekuja kutufungia mfereji kila mwisho wa mwezi,
meno manne, shavu limevimba.
Tuliliweka mlangoni. Nalo likatishe wenzake.

Kesho yake wageni wakapelekwa Marafa,
kwenye korongo wanaloliita Jiko la Shetani,
nami nyuma, na sanduku la sambusa na barafu.
Watoto wamevaa mabawa ya popo saa tano za mchana,
rangi nyeusi inawachuruzika hadi shingoni.
Jefwa, kijana wa hapo hapo, akawasimulia
matajiri walioogea maziwa
jirani zao wakikosa maji ya kunywa,
hadi ardhi ikafunguka, ikawameza na nyumba zao.
Ule wekundu ni wao, akasema. Ule weupe ni maziwa.

Kitoto kimoja, Ginevra, bawa limevunjika,
kikauliza kupitia kwa mama yake:
"Na ng'ombe?"

Jefwa akanyamaza.
Mara mbili kwa siku, miaka yote hiyo,
hakuna aliyewahi kuwaulizia ng'ombe.
Akatazama chini kule, akakuna kidevu.
"Walikuwa malishoni," akasema.
Kitoto kikashusha pumzi, kikaomba sambusa.

Usiku Mwaro akavishwa shuka la chumba namba sita,
limetobolewa macho, anazungusha trei za juisi ya ukwaju.
"Kazi ni kazi," akaninong'oneza, "ila baba asijue."
Baba yake ana vigango vitatu nyuma ya nyumba,
huzungumza navyo kwa sauti ya kawaida,
kama mtu anayemwomba jirani chumvi.
Kwetu wafu hawapigi hodi kutaka peremende.
Wakihitaji kitu huja ndotoni:
kitambaa, au mnazi kidogo umwagwe chini,
au tu kwamba umewasahau.

Na ile nyama ya ndani, ndoo mbili zimejaa,
ilikuwa iende shimoni na maganda ya kamba.
Nikasema, la. Nikasema kwa sauti, hata meneja akageuka.
Nikaifunga kwa kanga, nikaondoka nayo Maweni,
na karani wa maji kwapani, mshumaa wake umebaki nusu.

Nyumbani tokeni zilikuwa zimekwisha.
Tukapika gizani, karani akitumulika,
majirani wakaja na bakuli zao bila kuitwa,
harufu ya nazi hufika kabla ya mjumbe.
Nyevu wangu akajificha nyuma ya mlango,
akachungulia, akajificha tena.

Mama mkwe alilikalia mkabala lile boga, muda mrefu.
Haoni vizuri siku hizi.
"Huyu mdomo wazi tangu jioni," akasema, "na hamjampa kitu."
Akachota kijiko, akapuliza kikapoa,
akakitia katikati ya yale meno manne.
Mshumaa ukafanya chwii, ukazimika.
Tukala tusionane, tukicheka.

Asubuhi mbuzi wa kina Nyamvula
alikuwa ameumaliza uso wote.
Alianzia kwenye shavu.
Yalibaki macho.