Kumi, Funga

Langoni askari alituuliza habari za viatu.
Kageha akainua mguu, akamwonyesha raba ya mtumba
iliyoshonwa kwa uzi wa kufungia waridi.
Yule bwana akacheka, akatukatia tiketi.

Mpaka ukingoni ni jasho tu, hakuna hadithi:
vumbi la majivu, mleleshwa, twiga wawili kwa mbali
wakitutazama kama wasimamizi.
Ni pale juu ndipo Longonot unapogeuka uzi.

Kushoto, shimo. Msitu mzima umelala chini kabisa,
na moshi mwembamba watoka mwambani
kana kwamba kuna mtu anapika na hataki wageni.
Kulia, hakuna. Kuna upepo, kisha Naivasha.
Katikati njia, upana wa meza yetu ya kuchambulia,
mvua imeichimba hadi unatia mguu mbele ya mguu
kama anayepima shamba la urithi kwa nyayo.

Milima haikutani, husema watu.
Hawajapita hapa,
mlima unapozunguka ukakutana na wenyewe,
nawe ni siafu juu ya mdomo wa chungu.

Karibu na kilele njia ikasimama wima.
Kageha akakaa. Akashika nyasi kwa mikono miwili,
mikono ile ile yenye makovu ya miiba,
akasema kwa Kimaragoli neno nisilolirudia.
"Niache. Utanikuta ukirudi."
Upepo ukaingia ndani ya koti lake, ukalijaza,
ukajaribu kuondoka naye.

Sikuwa na kamba. Sikuwa na sala ninayoijua hadi mwisho.
Nilikuwa na sauti ya banda namba tisa,
Februari, saa kumi na moja alfajiri, maagizo yamefurika:
"Hesabu, Kageha. Kumi, funga. Kumi, funga."
Akanitazama kama mwendawazimu.
Kisha akatambaa. Moja. Mbili. Kokoto zikaporomoka
shimoni, bila kutoa sauti ya kufika.
Tisa.
Kumi.
"Funga," akasema mwenyewe, akavuta pumzi.

Mashada thelathini na manne hadi kileleni.
La thelathini na tano lilikuwa na mashina saba;
halilipwi hilo, akasema.

Juu kuna kibao, mawe, na maganda ya mayai ya wengine.
Tukala viazi vitamu. Tukaliona shamba:
mapaa ya nailoni yaking'aa kando ya ziwa,
lote, hata chumba cha baridi,
hata mahali basi linapotushusha gizani.
Kageha akafumba jicho moja, akanyoosha mkono,
akaliweka shamba chini ya ukucha wa kidole gumba.
Akakaa hivyo muda mrefu. Sikumuuliza.

Kisha nikamwambia ukweli: njia ya kurudi
ni ile ile, au duara lililobaki, refu zaidi,
na kote ni ukingo.
Alikuwa ameshasimama, anakung'uta majivu.
"Mbele," akasema. "Kule tulishahesabu."