Kipimo cha Kichochoro

Lori la zimamoto limeishia Mokowe,
kabini yake pana kama sebule,
viti sita, vioo vya kutazamia kila upande
isipokuwa huku.

Huku Langoni, fundi Shekuwe
hapimi kwa futikamba. Anatanua viwiko:
vikigusa kuta mbili, basi,
gari lisizidi hapo.

Amekata paa lipite chini ya wikio.
Ameacha kiti kimoja, na kulabu ya mpira wa maji.
Dereva akitaka kupinda kona
sharti ashuke, auombe ukuta radhi.

"Na king'ora?" nikamuuliza.

Akanionyesha kengele ya punda.

Usiku makuti ya Bi Mwanaesha yaliposhika
tuliisikia ikija, ndogo, ikigongagonga,
na kila mlango ukafunguka
ukatoa ndoo.