Anaandika

Tarehe kumi na nne, saa sita kasoro usiku,
bei ya petroli imetangazwa
na kundi letu limeamka kama kuku walionusa kicheche.
Darasa la Tano B, Kariokor. Ndilo jina la kundi,
ingawa sote sasa tuna miwani na dawa za presha.

Adhola wa Kayole anatuma picha ya mfereji.
Hakuna maji pichani. Ni mfereji tu.
"Siku ya nne. Hata kukohoa haukohoi."
Kerubo anauliza nani anamjua fundi wa friji asiyeiba gesi.
Hakuna.
Kisha Mwachofi, mhasibu mstaafu,
asiyepata usingizi kabla ya kututupia ubeti:

*Petroli imepandishwa, na taa inazimika,*
*Usiku tunaamshwa, kwa tangazo la haraka,*
*Tukihoji twapotoshwa, ati bei itashuka,*
*Nyayo hazijapandishwa, kesho kazini nafika.*

Kerubo ana shaka: "tunaamshwa" ni mizani nne au tano?
Mwachofi anajibu kwa sauti ya dakika sita
ambayo hakuna anayeifungua.
Kwangu stima inapotea. Simu ina asilimia kumi na tisa.

Halafu Jayshree, ambaye kwake Luton ni saa nne kasoro:
"Mkitaja mizani namkumbuka babu.
Ile ya dukani Juja Road, sahani mbili za shaba.
Ilikwenda Agosti themanini na mbili
pamoja na sukari, pamoja na milango.
Babu alikalia kreti tupu la soda
akasema neno moja la Kigujarati
ambalo mama hajakubali kunifafanulia mpaka leo."

Adhola: ilikuwa Jumapili, kanisani hatukwenda.
Kerubo: tulilala chini ya kitanda, mkate mkavu siku tatu.
Kila mtu ana Agosti yake.

Yangu iko jikoni, juu ya kabati,
nyuma ya sufuria za Krismasi.
Baba aliingia nayo ameifunika koti,
anatiririka jasho katika baridi ile,
akasema ameiokota.
Mama akauliza, "Mizani huokotwa?"
Lakini wiki iliyofuata alianza kuuza maharagwe,
na maharagwe yakanilipia karo hadi Kidato cha Nne.

Naandika: *Jayshree.* Nafuta.
Naandika: *Sahani moja ina kovu ukingoni?* Nafuta.
Naandika: *Marehemu baba* na kidole kinagoma hapo.

"Niwaambie siri," anasema Jayshree. "Ilikuwa ikipunja.
Gramu hamsini kila kilo. Babu alijua vizuri sana."
Kerubo anacheka mistari miwili mizima.

Mama naye alijua.
Akishapima kilo aliongeza konzi,
kila mteja, miaka ishirini, bila neno.
Nilidhani ni ukarimu.
Sasa sijui alikuwa akisahihisha chuma
au akimlipa mtu kidogo kidogo.

Asilimia nane.
"YAMEKUJA!" Adhola, kwa herufi kubwa.
"Rangi ya chai, lakini yamekuja!"
Tunampongeza kama aliyejifungua.
Kisha: "Mumbua, tangu lini unaandika na kufuta?
Ni kitabu?" Ni Jayshree.

Nasimama gizani, nasogeza sufuria moja moja.
Vumbi. Shaba, baridi kama paji la maiti.
Nikiwasha tochi simu itazima.
Nikipiga picha itabidi nieleze.
Naweka simu juu ya sahani yenye kovu:
inashuka polepole,
na ile nyingine, tupu, inapanda
hadi kunigusa kifundo cha mkono.

Kioo kinawaka.
*Jayshree anaandika…*